Saksafoni Iliyozikwa Kevote

Wiki nzima mmenipigia simu, na wengine mmenitukana: kwa nini nilimwacha Thuranira ameshika kitasa cha mlango, stiki zake za drams kwapani, na ndani ya chumba saksafoni ya marehemu inalia? Haya, tulieni. Mlango anaufungua sasa hivi.

Kwa aliyejiunga nasi leo: mwenye saksafoni alikuwa Njeru wa Kevote, rafiki wa Thuranira wa kufa na kuzikana. Na kweli walizikana. Mwaka jana Njeru alipoaga, kasha la saksafoni yake liliwekwa juu ya jeneza, waombolezaji wote wakitazama, na udongo ukafuata. Thuranira mwenyewe alirusha gao lake la udongo. Leo ndiyo siku ya tamasha la kumkumbuka, katika ukumbi wa mjini Embu, na sauti ile ile inatoka nyuma ya mlango wa mbao.

Akausukuma.

Ndani hapakuwa na mzimu. Mzimu ungekuwa afadhali.

Muturi, kiongozi wa bendi ya marehemu, alikuwa amejibwaga kwenye kochi, sahani ya mbuzi choma iko mbele yake. Sauti ilitoka kwenye laptopu iliyokuwa mezani. Lakini mapajani mwake, iking'aa kwa mafuta ya nyama, ilikuwa imelala saksafoni yenyewe.

"Funga mlango bana, nzi wataingia," akasema Muturi huku akitafuna.

Thuranira hakufunga. Alikuwa akitazama kitu kimoja tu: kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa chini ya vibonye, mahali springi ilipovunjika zamani. Alikifunga kwa mkono wake, na tyubu ilikuwa ya baiskeli ya babake kule kwao Githongo. Nani mwingine duniani ana saksafoni iliyofungwa tyubu ya baiskeli ya Githongo?

"Hiyo tulizika," akasema.

"Tulizika kasha," Muturi akamsahihisha. "Wewe uliona kasha. Kwani ulifungua?"

"Ndani kulikuwa na nini?"

Muturi akacheka mpaka kipande cha nyama kikamtoka mdomoni, akakiokota kwenye shati, akakirudisha. "Magunzi! Magunzi ya mahindi, bana. Na nilijaza vizuri, yasigongane. Wewe ungezika chombo kizima hivi? Wafu wanapiga wapi?"

Jamani! Nimeandika mambo mengi katika safu hii, lakini hapa kalamu yenyewe inaona kinyaa. Mnakumbuka mlivyolia mliposoma mazishi yale? Mnamkumbuka Muturi alivyopiga magoti kwenye udongo mbichi na kulia, "Mwenye chombo alale na chombo chake"? Wazee walikuwa wamekataa, wakasema kuzika chuma namna ile ni mugiro, mwiko wa tangu enzi za mababu. Nelius, mjane, ndiye aliyewasihi, kwa sababu ya machozi ya Muturi. Tangu siku hiyo Nelius hupeleka maua kaburini kila Jumapili baada ya ibada, na hayo maua yalikuwa yakipelekewa magunzi.

"Sikia mpango," Muturi akasema. Akachukua saksafoni kwa vidole vya mafuta, akaitia mdomoni na kupuliza. Ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Muturi ni mtu wa kinanda. Saksafoni haijui hata kidogo.

"Ule ulimi wa mwanzi hapo mdomoni," Thuranira akauliza polepole, "ni ule ule wa Njeru?"

"Si uko sawa? Nibadilishe ya nini?"

Alama za meno ya marehemu bado zilikuwa pale. Thuranira aliziona.

"Hii wimbo mlirekodi na Njeru, mimi ndio niko nayo," Muturi akaendelea. "Kuanzia leo ni yangu. Nimeitunga mimi, ya kumkumbuka rafiki. Tunapanda stejini mimi na wewe, watu wawili tu. Fundi Mbaka anabonyeza mashine, mimi nashika saksafoni nachezesha vidole, wewe unajifanya unagonga. Wale watu wa tamasha la Nairobi wako pale mbele. Wakinipenda mimi, wewe pia umetoka kimaisha. Unataka kuzeeka ukigongea harusi?"

"Nijifanye nagonga? Mkono wangu ujifanye mkono wangu?"

"Ndiyo. Na hata sauti yako ya kuhesabu mwanzoni nimeiacha. Ile *ijiri* yenu ya Kimeru! Wewe fungua mdomo tu, watu waone tuko laivu."

Hapo, msomaji wangu, lishike neno hilo vizuri. Ijiri. Usiliachilie.

Maana sauti ile haikuwa ya Thuranira.

Mwembu akihesabu husema imwe, igiri, ithatu, inya. Mmeru husema imwe, ijiri, ithatu, inya. Tofauti ni hapo kwenye mbili tu, na kwa hiyo mbili Mwembu humtambua Mmeru hata akiwa amefumba macho. Njeru alikuwa Mwembu wa Kevote, lakini alikuwa mtani mbaya. Siku ya kwanza alipomsikia Thuranira akihesabu, alicheka hadi akakaa chini. Kuanzia hapo, kila wakipiga wawili peke yao, yeye ndiye aliyehesabu, na akahesabu Kimeru, akiivuta ile ijiri puani kama mzee wa Imenti kule Meru anayeuliza bei ya mbuzi. Mzaha ukawa mazoea. "Nikihesabu Kiembu siku hizi," alimwambia Thuranira, "saksafoni inagoma."

Ndivyo walivyorekodi wimbo ule Githongo, kwenye stoo ya kahawa, wakiwa wamezungushiwa magunia yaliyojaa ili sauti isirudi. Ni wao wawili na kipaza sauti kimoja, na Njeru akahesabu. Muturi, Mwembu halisi, aliposikia ijiri kwenye rekodi akaapa moyoni kwamba huyo ni Mmeru. Mwembu gani angehesabu hivyo?

Thuranira alifungua kinywa amwambie. Kisha akakifunga.

"Na nikikataa?" akauliza.

Muturi akajifuta vidole kwenye suruali, akatoa simu. Kwenye kioo, mtu mwenye miwani myeusi na kofia alikuwa akigonga drams katika klabu moja ya sokoni Gakoromone, wanawake wakimwaga bia mbele yake.

"Toni Radi," Muturi akasoma jina kwa madaha. "Huyu Toni Radi anafanana na ndugu yetu mpendwa wa kwaya ya kanisa la Kaaga, ama ni macho yangu? Mzee Kobia amekuja na kwaya yake yote. Ameketi mstari wa mbele. Nimwonyeshe?"

Msinilaumu, niliwaonya kuhusu huyu kijana tangu mwanzo. Thuranira ni mtu wa bendi zote. Ijumaa anapiga jazi hotelini Meru mjini, taratibu, kwa brashi badala ya stiki. Jumamosi jioni ni benga Gakoromone, ndani ya ile miwani. Jumapili asubuhi ni mapambio pale Kaaga, shati jeupe limefungwa hadi kooni. Katikati ya wiki ni harusi, mazishi, mikutano ya siasa ya vyama vyote. Hajawahi kumkatalia mtu. "Mpiga drams hana upande," ndiyo methali yake. "Anafuata."

Na Mzee Kobia ndiye baba yake Kathure, mchumba wa kijana wetu. Alimwambia Thuranira wazi, siku alipopeleka posa: binti yangu nampa mpiga ngoma wa kanisa, simpi mlevi wa vilabuni. Miraa ya posa imeshaliwa. Imebaki siku ya kukaa kikao.

"Si kazi yako ni kufuata?" Muturi akamwambia, akirudi kwenye mfupa wake. "Basi nifuate."

Thuranira akatoka. Alifika hadi kwenye bomba la nyuma ya ukumbi, akashika ukuta, akatapika chai ya asubuhi na mandazi yake.

"Aki wewe!" sauti ikasema nyuma yake. "Umekula nini?"

Alikuwa Kendi, mwimbaji wa bendi ya hotelini, viatu mkononi, nywele bado kwenye rola. Kendi hana subira na hana breki. Thuranira akamwambia yote huku maji ya bomba yakimtiririka kidevuni.

Kendi hakupiga kelele. Akatema mate chini, akasugua mate kwa mguu. "Magunzi," akasema. "Huyo ni mtu ama ni funza? Na wewe utafanya nini?"

"Ana ile video."

"Sijakuuliza ako na nini. Nimeuliza utafanya nini. Wewe Thura, kila bendi unafuata. Mwimbaji akikosea, unafuata. Pasta akiongeza kiitikio, unafuata. Sasa jizi limeiba mpaka kwa maiti na bado unataka kujua linaenda wapi ulifuate!"

"Kendi, nitampoteza Kathure."

"Mwambie Nelius. Huyo anakuja."

Na kweli alikuwa akija, akikata kona ya ukumbi kwa mwendo wake wa haraka wa mwalimu wa shule, amebeba chupa kubwa ya chai na bakuli la nduma lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Alikuwa amevaa gauni jipya la zambarau. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilimchoma Thuranira kuliko kilio.

"Shemeji! Mbona uko hapa kwa bomba? Habari ya Githongo? Mama amepona mguu?"

"Mzima, Mama Wawira. Asante."

"Nimewaleteeni chai. Muturi aliniambia hajala tangu jana kwa sababu ya uchungu. Huyo mtu amenishika mkono, shemeji, sijui ningefanya nini." Akashusha sauti. "Leo nitalia, usinichukulie vibaya. Lakini nina amani. Najua Baba Wawira amelala na kitu chake. Kila nikienda pale kaburini, namwambia, angalau hukuondoka mikono mitupu."

Kendi akamkanyaga Thuranira mguu. Kwa kisigino.

Thuranira akaitazama ile chupa ya chai. Akamwona Muturi akiinywa, akijifuta mdomo. Neno likapanda hadi kooni. Kisha akamwona Mzee Kobia, akaliona shati jeupe, akamwona Kathure akicheka kwenye uzio wa kwao, na neno likarudi tumboni lilikotoka.

"Asante kwa chai, shemeji," akasema.

Nelius akaingia kwa Muturi. Kupitia mlango wakamsikia Muturi akisema kwa sauti ya msiba, "Mama Wawira, Mungu akubariki," na kikombe kikigonga sahani.

Kendi alimwangalia Thuranira kama mtu anayeangalia nywele kwenye supu. Akavaa viatu vyake, akaondoka.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Jua la alasiri lilipita madirishani na kuwapiga watu usoni. Kwaya ya Kaaga ilikuwa imeshaimba, na Mzee Kobia ameketi mbele, kofia juu ya goti, Kathure upande wake wa kulia. Kando yao walikaa wageni wa tamasha la Nairobi na vitambulisho vyao shingoni. Nelius alikuwa mstari huo huo, leso tayari mkononi.

Muturi akapanda jukwaani kwa suti nyeupe. Saksafoni alikuwa ameivalisha! Ndiyo, aliizungushia kitambaa cheusi, eti maombolezo, na kitambaa kikafunika pale pale penye tyubu ya baiskeli. Mnaona akili hiyo? Mwizi akiomboleza, angalia ameficha nini.

"Wapendwa," akasema kwenye maiki, "rafiki yangu Njeru aliondoka na chombo chake. Nilitafuta kingine kinachofanana, nikajifundisha usiku na mchana, nikatunga wimbo huu kwa machozi."

Watu wakapiga makofi. Nelius akajifuta macho.

Thuranira alikuwa ameshaketi nyuma ya drams. Kutoka pale alimwona Mbaka, fundi wa sauti, kidole kiko juu ya kitufe. Muturi akageuka, akamkonyeza: fungua mdomo.

Hapo ndipo Thuranira alipohisi kitu ambacho hakuwa amewahi kukihisi juu ya kiti chochote cha drams, wala cha hoteli, wala cha kilabu, wala cha kanisa. Alichoka kufuata. Alijichukia, akaichukia ile chai aliyoiachia ipite, akamchukia yule mtu wa suti nyeupe mpaka vidole vikafa ganzi. Akainua stiki mbili hewani, juu kabisa, ukumbi mzima uzione. Akabana midomo.

Mbaka akabonyeza.

"*Imwe,*" spika zikasema. "*Ijiri...*"

Ile ijiri ikavutwa puani, ikazunguka ukumbi, ikagonga ukuta wa nyuma na kurudi. Wameru wa Kaaga wakacheka kidogo, wakijua ni wa kwao. Mdomo wa Thuranira ulikuwa umefungwa kama mlango wa benki siku ya Jumapili.

"*Ithatu. Inya.*"

Nelius akasimama. Leso ikaanguka.

"Huyo si Mmeru!" akapaza sauti. "Huyo ni Baba Wawira!"

Saksafoni ikaanza kulia kwenye spika, tamu, na Muturi akaanza kuchezesha vidole kwa bidii, mashavu yamevimba. Drams nazo zikaingia. Lakini Thuranira hakuwa amegusa kitu. Stiki bado zilikuwa hewani. Ngoma zinalia, mpiga ngoma ametulia. Watu wakaangaliana. Thuranira akaziweka stiki chini, akakunja mikono. Drams zikaendelea. Akasimama, akasogea pembeni kabisa. Drams zikaendelea, tena kwa madoido.

"Ni mashine!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Wacha utapeli, wewe!"

Mbaka akatoka jasho, akabonyeza kitufe kisicho chake, na wimbo ukaanza upya. "*Imwe, ijiri...*" Ukumbi ukalipuka. Muturi alikuwa bado amepuliza mashavu, kipofu kwa tamaa yake. Alipokumbuka kuacha, tayari Nelius alikuwa amepanda jukwaani.

Mwalimu yule hakupayuka. Alinyoosha mkono, akavuta kile kitambaa cheusi. Akaiona tyubu ya baiskeli. Akaigusa kwa kidole kimoja. Kidole kikatoka na mafuta ya mbuzi.

Mbaka akachomoa waya, na spika zikanyamaza.

"Hii ilizikwa," Nelius akasema. Aliupeleka mdomo wa saksafoni karibu na macho, akaziona zile alama za meno. "Hii imekuwa mdomoni mwako? Umeitia mdomoni? Muturi, nilikupa chai."

Muturi akarudi nyuma hatua moja.

"Kama hii iko hapa, mume wangu nilimzika na nini?"

Ndipo Thuranira akaja mbele. "Magunzi, shemeji," akasema. "Kasha lilikuwa na magunzi."

Nelius akageuka polepole. "Ulijua lini?"

Angeweza kudanganya. Nawaambia, angeweza, na mimi mwenyewe nilitamani adanganye.

"Leo. Kabla ya chai."

"Kabla ya chai yangu."

"Ndiyo, Mama Wawira."

Hakumpiga. Alimwondolea macho tu, kama unavyoondoa macho kwenye kitu kilichooza njiani.

Muturi akaona mwanya. Akarukia maiki. "Mnamwamini nani? Huyu? Mzee Kobia, mwulize huyu mkwe wako Toni Radi ni nani! Mwulize Jumamosi huwa wapi, na miwani myeusi, na malaya wa Gakoromone! Niko na video!"

Kathure akafumba macho. Mzee Kobia akainuka. Akaivaa kofia yake bila haraka, na ukumbi ukamsubiri.

"Video ya nini?" akauliza. "Baite, jamaa zangu, mimi si niko na stoo ya viazi pale Gakoromone? Ukuta wangu na wa hicho kilabu ni mmoja. Kila Jumamosi mimi nasikia huyu kijana. Huo mguu wake kwa ngoma kubwa unachelewa kidogo, kama mtu anakanyaga matope. Na Jumapili nasikia mguu huo huo kanisani. Kaaga nzima inajua. Tulikuwa tunangoja tu achoke na hiyo miwani aseme mwenyewe."

Kicheko kikapita ukumbini. Hata wageni wa Nairobi wakacheka bila kuelewa. Kumbe siri aliyoilinda Thuranira kwa roho yake yote, mpaka akamuuza mjane kwa ajili yake, ilikuwa inauzwa pamoja na viazi pale sokoni!

Lakini Mzee Kobia hakuwa amemaliza, wala hakuwa anacheka.

"Kupiga ngoma kilabuni hiyo tungeongea nyumbani," akasema, akimtazama Thuranira sasa. "Ile sikujua ni hii nyingine. Kwamba mwanamume anaweza kuona mjane akimpelekea mwizi chai, na anyamaze. Hiyo mimi sikujua. Miraa yako nitakurudishia. Kathure, simama twende."

Kathure akasimama. Alimwangalia Thuranira mara moja, machozi yakimtoka, kisha akaokota mkoba wake.

Kendi, pale pembeni ya jukwaa, akainamisha kichwa. Hata yeye hakutaka ushindi wa namna hiyo.

"Mzee, ngoja," Nelius akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini kila mtu aliisikia. "Usiende bado. Nataka mashahidi. Jua bado liko juu, na Kevote si mbali. Jeneza la mume wangu sitaligusa. Lakini lile kasha lililo juu yake litoke leo. Baba Wawira halali tena na takataka."

Na hapo, wapenzi wasomaji, ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

Muturi alikuwa ameitwa mwizi, ametukanwa, ameaibishwa mbele ya Nairobi yote, na macho yake yalikuwa makavu. Lakini aliposikia kasha litoke, akaanguka. Akapiga magoti kwa ile suti nyeupe, akashika pindo la gauni la Nelius.

"Chukua saksafoni! Chukua wimbo, chukua kila kitu, nipeleke polisi mimi mwenyewe niko tayari! Lakini kasha lisifunguliwe. Mama Wawira, nakuomba kwa jina la Mungu, kasha usilifungue!"

Thuranira akamtazama. Alikumbuka siku ya mazishi, na jinsi kasha lile lilivyowalemea wanaume wawili. Magunzi ni mepesi. Mtoto mdogo hubeba gunia lake akiimba.

"Muturi," akauliza, "ndani ya kasha mna nini?"

Muturi akatikisa kichwa, kamasi likimtiririka mdomoni.

"Nani atachimba?" Nelius akauliza ukumbi.

Wanaume wakatazama viatu vyao. Walikuwa Wakristo wote, wamebatizwa na kubarikiwa, lakini mugiro ni mugiro. Mkono uliofukua kaburi, nani atausalimia tena? Nani atakula nao sahani moja? Bendi gani itaupa stiki? Wazee wakakohoa. Kwaya ikasogea nyuma. Mzee Kobia alikuwa amefika mlangoni na binti yake, akasimama, akageuka kuangalia.

Thuranira aliitazama mikono yake miwili, ile iliyokuwa imefuata kila mtu. Akavua shati lake jeupe, akalitundika juu ya drams.

"Nipeni jembe," akasema.